Usiseme Kata

Saudah alicheka mpaka akajichoma sindano.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio ya kaka yake mjini Mbarara, gauni la bibi harusi limemlalia mkononi, akitazama skrini pamoja nasi. Kwenye skrini Gasore alikuwa amesimama mbele ya baba wa msichana, mikono mitupu, akiomba apewe mke. Hiyo ilikuwa sehemu ya mwisho ya filamu yetu. Ilikuwa sehemu ya kulia.

"Banange, huyu mutu," Saudah alisema huku akinyonya kidole. "Ona namna nasimama. Kama kuku ya mvua."

"Dada Saudah, hapo ana huzuni," nikamwambia taratibu.

"Kweli? Hiyo ndiyo huzuni?" Akatazama tena, akajitahidi kwa moyo wote kuhuzunika. Mabega yakaanza kumtikisika. "Nisamehe, nnyabo, dada yangu. Acha mimi narudi kwa cherehani."

Gasore mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, viwiko juu ya magoti. Sulait, mwenye studio na mwenye kamera, alikohoa. Kazi yake ya kila wiki ni kupiga video za harusi, na kwake hakuna kasoro ya picha isiyoweza kufunikwa.

"Mimi naweza weka muziki ya pole pole," alisema. "Na maua naanguka kutoka juu."

"Hapana maua," Gasore akajibu.

"Mioyo?"

"Sulait."

"Sawa. Bila mioyo."

Gasore akainuka, akatoka nje barazani. Nilimpa muda kidogo, kisha nikamfuata.

Kule kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hakuna asiyemjua. Kwa watu wengi hata si Gasore, ni Tonto Kaporali, yule mtu wa suruali iliyofungwa kwa kamba juu ya kitovu. Watoto wa Juru, mtaa wetu, wakiona baiskeli yake kwa mbali huanza kucheka kabla hajafika. Mchezo wake unaopendwa kuliko yote unaitwa *Mukwe wa Bure*. Ndani yake Kaporali, asiye na ng'ombe wala wakubwa wa kumsemea, anakwenda peke yake kujiombea mke, na baba wa msichana anamfukuza kwa fimbo. Ameucheza kwenye harusi, kwenye ukumbi wa kanisa, hata sokoni, na kila mara watu hushikana mabega kwa kicheko. Sasa alikuwa anaugeuza filamu, ya kwanza kuiongoza mwenyewe, kwa Kiswahili ili Mkongomani, Mrundi na mtu wa Mbarara waielewe wote. Mimi niliyesoma chuo hapa Mbarara ndiye niliyemwandikia maneno upya. Alikuwa ameniambia tangu mwanzo: "Umuhire, nataka batu bacheke filamu yote. Halafu mwisho banyamaze."

Nilimkuta ameegemea nguzo.

"Banacheka," alisema bila kugeuka. "Hata siku nitakufa, batakuja kwa kilio na batacheka."

"Mimi nitalia."

Akageuka. Ana macho ambayo yakiwa jukwaani hayatulii, yanakimbia huku na huku kama yanatafuta mlango. Yakiwa juu yangu hutulia. Hapo ndipo mimi huanza kuhesabu vifungo vya shati lake, kwa sababu siwezi kuyatazama muda mrefu.

"Shida si uso wako," nikaviambia vifungo. "Shida ni kwamba hakuna anayekujibu. Wewe unaomba, baba anafoka, na msichana wetu, Kantengwa, amesimama pale ameinamisha kichwa, kama ilivyo kwenye mchezo. Mtu anayeomba na hakuna anayemtaka ni kichekesho. Lakini msichana akisema neno, akisema kwamba anamtaka, kicheko kitakufa chenyewe."

"Atasema neno gani?"

"Sijalipata bado. Nitalipata."

"Na nani atalisema? Kantengwa ameshapanda ndege."

Hilo lilikuwa kweli. Familia ya Kantengwa ilikuwa imeitwa ghafla na wanaohamisha wakimbizi, ikaondoka kwenda nchi ya baridi. Nakivale unaanza kazi na watu, unaimaliza na waliobaki.

"Nitalisema mimi," nikasema.

Gasore akacheka. Hakucheka kwa dharau. Ananijua, anajua kwamba kanisani huwa naimba mstari wa nyuma kabisa ili nisionekane. Lakini aliuona uso wangu, na kicheko kikamkatika katikati.

"Unaona?" nikamwambia. "Hata wewe. Mtu anakuambia kweli, na wewe unacheka. Kama Papa."

Akainamisha kichwa. Hatukuwa tumeizungumzia siku ile tangu ilipotokea.

Siku ile Gasore alikuja nyumbani kwetu Juru, amevaa shati safi, akasimama mbele ya baba yangu, akasema kwamba amekuja kuniomba. Baba, Mzee Natanaeli, ni mzee wa kanisa na si mtu wa kucheka ovyo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Alimwita mama aje asikie. Akamwambia Gasore, "Tonto, rudia tena, rudia pale pa mikono mitupu." Akampa chai. Gasore aliinywa, akaaga, akaondoka. Baba hakumkataa, hakumkubali. Hakujua hata kama ameombwa kitu.

"Jumamosi wageni wa Endiinzi banafika kwenu," Gasore alisema sasa.

"Najua."

"Kwizera na baba zake wakubwa, banakuja kukuomba. Bako na ng'ombe mingi."

"Najua, Gasore."

"Kama Papa yako atapokea maneno yao, basi, imekwisha. Mutu mukubwa kama yeye hawezi kurudia nyuma."

"Basi kesho tupige ile sehemu," nikasema. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka nzima. "Kwetu, uani, safari hii Papa akiwepo. Wewe ni mwongozaji. Sema kama tunapiga au hatupigi."

Alinitazama muda mrefu, na mimi kwa mara ya kwanza nilisahau vifungo.

"Tunapiga," akasema.

Uwanja wa kwetu ulichaguliwa tangu mwanzo kwa sababu una zizi lenye ua mzuri, na ndani ya zizi yupo Gaju, ng'ombe wetu pekee, mwenye pembe ambazo Sulait alisema zinakaa vizuri kwenye kamera kuliko maharusi wengi. Mama yangu, Godeberthe, ndiye anayecheza mama wa msichana. Hakuombwa. Alisema tu kwamba chombo chake cha mti cha maziwa hakishikwi na mwanamke mwingine, hata kwa filamu. Na sasa mimi nilikuwa msichana, ndani ya gauni la Kantengwa ambalo Saudah, aliyekuja na kaka yake asubuhi hiyo, alilipunguza kiunoni, pini mdomoni.

Kwa hiyo uwanja ulikuwa wetu, ng'ombe wetu, mama yangu, binti mimi. Aliyekuwa wa kuazima ni baba peke yake. Baba yangu alikataa kucheza. "Mzee wa kanisa hachezi," alisema, na Gasore akampa nafasi hiyo Rutayisire, muuza maharage, mwenye tumbo la heshima na sauti inayofika ng'ambo ya bonde.

Baba aliketi kando kwenye kigoda, kofia juu ya goti, akitazama mtu mwingine akiwa mume wa mke wake.

"Rutayisire," aliita, "hicho ni kiti changu."

"Ni cha filamu, Mzee."

"Kikaliwe vizuri. Mguu wake wa nyuma si muzima."

Majirani walikuwa wamejaa kando ya ua, wamekuja kumcheka Kaporali. Gasore alizunguka, akawaomba wanyamaze, na kadiri alivyoomba ndivyo walivyocheka. Hakukasirika. Alirudi mahali pake, akainua mkono. Mama akatoka na maziwa, akamkabidhi Rutayisire, na wakati huohuo pikipiki ikapita barabarani ikinguruma.

"Kata," Gasore akaita.

Baba alikuwa amesimama kabla neno halijaisha.

"Nani anasema kata juu ya maziwa yangu?"

"Ni mimi, Papa. Ni neno ya kazi. Maana yake kamera isimame."

"Hapa kwangu hakuna atakayesema kata, na maziwa iko mukononi mwa mutu. Ng'ombe anasikia, atafunga maziwa. Ni mumoja tu niko naye."

Watu wote wakamgeukia Gaju, ambaye kweli alikuwa ametega sikio.

"Sawa, Papa," Gasore akasema kwa heshima. "Sulait, neno ni 'simama'."

Tukaanza tena. Mama akatoka, akamkabidhi Rutayisire maziwa, mtoto wa jirani akapita na mbuzi, Gasore akaita, "Simama." Rutayisire akainuka kwenye kiti, maziwa yakayumba, mama akapiga ukelele.

"Si wewe," Gasore akamwambia. "Kamera."

"Umesema simama. Nimesimama."

Ikawa "inatosha". Hiyo haikudumu. Gasore aliposema "inatosha" Rutayisire akiwa ndiyo kwanza anaweka chombo mdomoni, mama akaweka mikono kiunoni. "Inatosha vipi? Hata hajameza. Mimi nyumbani kwangu sijahesabia mgeni maziwa."

Majirani walikuwa hoi. Saudah alikuwa ameketi chini. Baba peke yake hakucheka, maana jambo la maziwa kwake ni jambo.

"Sema 'aksanti'," aliamua. "Hiyo ni neno muzuri. Haina ubaya pahali yoyote."

"Aksanti," Sulait akarudia, akijifunza. "Mimi nasikia aksanti, nazima."

Tukaanza tena. Hewa ilikuwa nzuri, barabara imetulia, mbuzi hayupo. Mama akatoka. Akamkabidhi Rutayisire maziwa kwa mikono miwili. Rutayisire, mtu aliyelelewa vizuri, akapokea kwa mikono miwili na kusema, "Aksanti, mama."

Sulait akazima kamera.

"Juu ya nini umezima?" Gasore akauliza.

"Amesema aksanti."

"Rutayisire, usiseme aksanti."

"Nipokee maziwa ya watu bila aksanti, kama mwizi?"

"Kwa leo tu."

Akajaribu. Safari ya pili ikamtoka tena, na ya tatu akaizuia kwa kuuma midomo mpaka mama akamuuliza kama maziwa yamechacha. Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ndani ya gauni la Kantengwa, neno langu sijalipata, nikiona asubuhi yote inageuka *Mukwe wa Bure* ya zamani. Kila mtu alikuwa anacheka. Kesho kutwa ni Jumamosi.

Gasore akaniona. Akaja, akasimama karibu kuliko ilivyo desturi mbele ya wazazi, akainama kana kwamba anapanga mkunjo wa gauni langu.

"Umelipata?" akanong'ona.

"Bado."

"Basi usilitafute. Sema ile iko. Mimi sitasema aksanti mpaka umalize. Hata kama unachukua siku nzima." Kisha akaongeza, chini zaidi, "Navua kamba."

Na kweli aliifungua ile kamba ya Kaporali mbele ya watu wote, akaivua suruali kubwa iliyokuwa juu ya suruali yake mwenyewe, akavaa shati safi. Nililijua shati lile. Ndilo alilokuja nalo siku ya chai.

Watu walicheka kidogo alipoingia, kwa mazoea. Mama akaleta maziwa. Rutayisire akapokea, kimya, mashavu yamemjaa aksanti. Gasore akasimama mbele yake.

"Papa, nimekuja peke yangu," alisema. "Sina ng'ombe. Sina wakubwa wa kunisemea. Niko na hii mikono tu, nayo ni mitupu. Nimekuja kumuomba binti yako."

Mtu mmoja akakohoa kicheko kando ya ua.

"Ondoka hapa," Rutayisire akanguruma, na ile sauti ikaenda bondeni ikarudi. "Ondoka, mukwe wa bure."

Ilikuwa zamu yangu. Nilimtazama Gasore, nikaona hajakimbiza macho, ameyatuliza pale pale. Nikamtazama Rutayisire. Halafu macho yangu yakampita Rutayisire yakafika kwenye kigoda, na nikamwona baba yangu. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kofia ilikuwa mkononi, tayari kwa machozi ya kicheko, sawasawa na siku ile.

Ni lile tabasamu lililonifungua mdomo.

"Papa," nikasema.

"Sema, binti yangu," Rutayisire akajibu, lakini sikuwa namtazama yeye.

"Papa, wanamwita wa bure. Kwangu mimi si wa bure. Ameshanigharimu sana. Amenigharimu usingizi. Amenigharimu wachumba wote ambao ningeweza kuwapenda na sikuweza. Na aibu yangu, Papa, unaijua ilivyokuwa kubwa, umeilea wewe. Leo amenigharimu yote, sina hata kidogo iliyobaki. Siku ile alikuja akasimama mbele yako, ukacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Sikucheka. Ninamtaka."

Hata Gaju aliacha kutafuna. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuizima alikuwa amesimama mbele yangu, midomo imefungwa kama alivyoahidi.

Tabasamu la baba lilikuwa limeondoka. Aliweka kofia kichwani, akainuka kwenye kigoda, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Sulait, ambaye kwenye harusi amezoea kumfuata mzee yeyote anayesimama, akamfuata kwa kamera.

Baba aliacha Kiswahili. Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, ile ambayo haikuwa ya filamu.

"Ile siku ulipokuja hapa, ulikuwa unacheza?"

"Hapana, Mzee," Gasore akajibu kwa lugha hiyohiyo. "Sikuwa nacheza."

"Kwa nini ulikuja peke yako? Mtu hajiombei msichana. Wakubwa wake ndio huja, wakaketi, wakasema. Kwenye mchezo wako Kaporali anakuja peke yake, ndiyo maana tunacheka, kwa sababu jambo hilo halipo. Ukaja peke yako. Ukasema maneno yaleyale ya Kaporali. Nikacheka. Ningejuaje?"

Gasore akaitazama ile kamba aliyoivua.

"Mzee, mimi sikuyachukua maneno kwa Kaporali. Kaporali ndiye aliyeyachukua kwangu. Ule mchezo niliutunga mwenyewe nilipofika hapa. Hana wakubwa kwa sababu mimi sina. Wangu wote walibaki milimani, hakuna aliyevuka nami. Niliona nikiusema upweke huo wazi watu watanihurumia, nami sikutaka kuhurumiwa. Nikaufanya wa kucheka."

Miaka yote ile tulishikana mabega tukacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kwa nini Kaporali huja peke yake. Nilimwona mama akigeuza uso upande wa zizi. Mtu kando ya ua akavua kofia.

"Huyu mzee nasema nini?" Sulait akamnong'oneza dada yake, jicho likiwa bado kwenye kamera.

"Mimi najua? Wewe piga tu," Saudah akajibu, na sauti yake ilikuwa na maji.

Baba akamgeukia Rutayisire. "Leta hiyo," akasema, akakichukua chombo cha maziwa mikononi mwake. "Hiyo ni ya kwangu."

Akamkabidhi Gasore kwa mikono miwili.

Gasore akapokea kwa ile mikono yake mitupu, na haikuwa mitupu tena. Akanywa. Akanywa bila kushusha, mpaka mwisho, kama mtu anayeogopa kwamba akipumzika wataona ni mzaha. Kisha akashusha chombo, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu naye amelelewa vizuri, "Aksanti, Papa."

Sulait akazima kamera.

Taa nyekundu ikapotea. Gasore alifumba macho, nikajua anachowaza: neno la heshima limemtoka na limemwangusha, sehemu imekwisha, sasa kila mtu atarudi kuwa alivyokuwa.

"Mashine imezima?" baba akauliza, naye amerudi kwenye Kiswahili ili wageni wasikie.

"Imezima, Mzee," Sulait akajibu, mwenye hatia.

"Muzuri. Sasa tutaongea." Akavuta kigoda chake mpaka katikati, akaketi. "Jumamosi niko na wageni wa Endiinzi. Batakunywa maziwa, tutawaheshimu, nitabaambia binti ameshasema neno lake mbele ya batu, na mimi niko papa yake, siwezi kujifanya sikusikia. Hiyo ni yangu, niachieni. Lakini wewe, Gasore." Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita hivyo, si Tonto. "Jumamosi ile ingine, unakuja hapa. Na usikuje peke yako. Ukija peke yako, nitacheka tena, nakuambia kweli."

"Nitakuja na nani, Papa?"

Nilifungua mdomo, lakini nyuma yetu kiti chenye mguu mbovu kililia. Rutayisire alikuwa amesimama, na safari hii hakuna aliyemwamuru.

"Mimi nitakuwa mukubwa wake," alisema.

"Wewe?" mama akamwambia. "Si ndiyo umemaliza kumufukuza sasa hivi?"

"Ile ilikuwa kazi, mama. Na nimemufukuza asubuhi yote, nani anamujua kuliko mimi? Nitasimama hapa, nitasema mpaka mutachoka. Maneno niko nayo mingi, munajua. Na siku hiyo nitasema aksanti zote zile nimemeza leo."

"Na mimi nakuja," Sulait akasema haraka. "Mimi ni Muislamu wa Mbarara, lakini kwa arusi mimi ni mukubwa wa watu wote."

"Unakuja na mashine?" baba akamuuliza.

"Nakuja nayo, Mzee. Bila maua."

Gasore alikuwa bado amesimama palepale, chombo kitupu mkononi, akitazama mmoja mmoja kana kwamba anasubiri mtu amwambie arudie kutoka mwanzo. Kisha akanitazama mimi. Nilimtazama pia, machoni, mbele ya baba na mama na Juru nzima, wala sikuona sababu ya kutazama pengine.

"Tunarudia?" Sulait akauliza. "Mwisho mimi nilizima mapema."

"Hapana," mwongozaji wangu akajibu. "Hii haina kurudia."

"Mimi hapana cheka," Saudah akatangaza kutoka chini alipoketi, akifuta macho kwa mkono wa gauni la mteja alilokuja nalo. "Andika hiyo. Leo hapana cheka hata kidogo."

Baba alimtazama Gasore vizuri, tangu viatuni mpaka kichwani. Gasore alikuwa amesimama mabega juu, shingo mbele, na povu la maziwa limemkaa juu ya mdomo kama masharubu ya mzee. Midomo ya baba ikaanza kucheza. Akajizuia. Akavua kofia. Kisha akashindwa, akacheka kile kicheko chake cha nadra, mpaka machozi.

Gasore akagusa mdomo, akaliona povu kidoleni, na safari hii akacheka pamoja naye.